Mtoto Aliyeachwa Shimoni

Ukiipita Gongo la Mboto na kuanza kupanda vilima vya Pugu, unakaribia machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Mapango ya huko ni makazi ya popo. Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990 tuliambiwa ni makazi ya vinyamkela.

Kwa asiyezaliwa Pwani, kinyamkela ni pepo wa kimbunga. Lile vumbi linalozunguka uwanjani mchana wa jua kali na kuondoka na kanga zilizoanikwa, wazee wetu wa Kizaramo walisema lina mwenyewe ndani. Wala si mambo ya jana. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika kwa urefu habari za pepo na uganga katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Bibi yangu hakuwaogopa vinyamkela. Aliwaita watukutu: wanaficha jembe, wanamwaga unga, wanampoteza mtu katika njia anayoijua.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, tulikwenda watatu kuchimba udongo wa kupaka ukutani. Mdogo wetu akateremka shimoni, kamba tumeishika sisi. Vumbi likazunguka. Mmoja akapiga kelele, "Kinyamkela!" Tukatimua mbio, na kamba mkononi. Nyumbani nilipoulizwa mwenzetu yuko wapi, nikasema sijui.

Mchoma mkaa alimtoa kabla ya magharibi. Usiku ule bibi hakunichapa. Alinisimulia hadithi.

Palikuwa na mtoto wa mjane, hakujaliwa elimu wala kazi ya mikono. Akaenda kukata kuni na wenzake, wakaona shimo la asali. Yeye ndiye aliyeingia akawapa asali yote, nao wakamwacha mle, wakaenda kumwambia mama yake kwamba ameliwa na mnyama. Mtoto akachimba kwa kisu mpaka akatokea kwa kinyamkela. Huyo akamkaribisha, akampa matunda na maji, wakawa marafiki. Alimwekea sharti moja tu: usioge kisimani mbele za watu, maana nitakufa. Mtoto akaapa. Akarudi kwao, wenzake wakamvuta kwa nguvu akaoge, mwili wake ukaitoa siri, na kinyamkela akauawa.

Miaka mingi baadaye, nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, nilikifungua kitabu cha Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864. Hadithi alizozikusanya huko zilichapwa London mwaka 1870 kwa jina la Swahili Tales. Nikamkuta mtoto wa bibi yangu! Anaitwa Hasibu Karimu Dini, na rafiki yake wa chini ya ardhi ni Sultani wa Nyoka. Kisima ni hamamu. Pugu ya bibi haikuwa na hamamu. Nilipofuatilia zaidi nikaona asili yake ni Alfu Lela u Lela, na kwa Waarabu nyoka yule ni malkia.

Wataalamu watauliza ipi ni hadithi halisi. Mimi nilitazama zaidi kile ambacho hakuna msimulizi aliyekibadili, si wa Kiarabu, si wa Unguja, si bibi. Malkia akawa sultani, sultani akawa kinyamkela, asali ikabaki asali. Na wanaomwacha mtoto shimoni ni wenzake kila mara, wala si pepo. Bibi hakusoma kitabu chochote, lakini usiku ule alijua hadithi ipi ya kumsimulia nani.

Yule mwenzetu siku hizi ni dereva wa daladala. Nikipanda gari lake hukataa nauli yangu, jambo linalonisumbua kuliko angenitukana. Mwaka juzi nilipata ujasiri nikamwuliza mle shimoni alikuwa akifanya nini muda wote ule. Akacheka, akasema alikuwa akizungumza na kinyamkela, akimwuliza sisi tumekwenda wapi.