Vifupisho vya Majina ya Mahali katika Maandishi ya Nyanza Kusini

Utangulizi

Kifupisho huhesabiwa na wengi kuwa jambo dogo la karani, njia ya kuokoa wino na nafasi. Hata hivyo, kila kifupisho hubeba ndani yake sarufi ya lugha iliyokizaa. Makala haya yanachunguza vifupisho vya majina ya mahali katika eneo ambalo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, nchini Kenya. Yanakusudia kuonyesha kwamba maandishi ya Kiswahili yalipokea vifupisho vya Kiingereza bila kupokea kanuni zake, na kwamba hasara ya jambo hilo humwangukia zaidi msomaji wa kumbukumbu.

Kanuni za lugha mbili

Kiingereza hufupisha kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuchukua herufi za mwanzo, kama katika D.C. na P.O. Ya pili ni kukata mkia wa neno, kama Prov. Ya tatu ni kuondoa herufi za kati na kubakiza ile ya mwisho, kama Dr na Ltd. Kwa desturi ya Waingereza iliyoenea katika karne ya 20, njia hii ya tatu haihitaji nukta, kwa kuwa herufi ya mwisho ingalipo.

Kanuni hiyo ya nukta haina kazi kubwa katika Kiswahili. Maneno yetu huishia kwa irabu, na kifupisho chetu mara nyingi huhifadhi konsonanti: Bw., Dkt., taz. Herufi ya mwisho ndiyo hasa inayodondoshwa. Aidha, vifupisho hivyo havitamkiki. Msomaji huona Dkt. na kusema "daktari". Kifupisho kitakachotamkwa kama neno hapana budi kiwe na silabi wazi. Ndiyo maana TANU, KANU, TUKI na BAKITA viliingia midomoni mwa watu bila taabu.

Majina na herufi zake

Katika utawala wa kikoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa South Kavirondo, ambayo makao yake yalikuwa Kisii. Katika miaka ya 1940 jina Kavirondo, ambalo wenyeji wengi hawakulipenda, liliachwa, na wilaya ikaitwa South Nyanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kisii ilitengwa, na Homa Bay ikawa makao ya wilaya iliyobaki. Katika miaka ya 1990 wilaya hiyo nayo iligawanywa, na Migori ikawa miongoni mwa wilaya mpya. Katiba ya 2010 iliziorodhesha Homa Bay na Migori kuwa kaunti ya 43 na ya 44.

Majina yalibadilika, lakini herufi za majalada hazikubadilika nayo. Katika nyaraka za taifa mjini Nairobi, taarifa za mwaka za South Kavirondo zimewekwa chini ya DC/KSI, na za jimbo chini ya PC/NZA. Wilaya jirani ya Central Nyanza ina DC/CN. Ni dhahiri kwamba kanuni hapa si moja: CN ni herufi za mwanzo za jina la wilaya, ilhali KSI ni mabaki ya jina la mji. Mtafiti wa historia ya Migori asiyejua jambo hili ataitafuta Migori asiione, kumbe habari za babu zake zimo chini ya jina la mji wa jirani.

Soni na Homa

Mfano wa pili ni Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, iliyoanzishwa Awendo mwaka 1976. Jina lake la Kiingereza lilifupishwa kuwa SONY, kwa kuunganisha mianzo ya maneno South na Nyanza. Wilaya ilifutika, kifupisho kikabaki. Sababu moja ni umbo lake: so-ni ni silabi mbili wazi, na hutamkika kwa Mjaluo, Mkuria na Mswahili sawasawa. Lakini kwa Kiswahili soni ni haya, aibu. Tahajia ya Kiingereza ndiyo inayoliepusha jina na maana hiyo.

Homa Bay ina shida ya namna hiyo. Maandishini huonekana H/Bay, mkwaju ukishika mahali pa herufi zilizoachwa. Kwa nini neno Bay, ambalo ndilo la kawaida, libaki zima, na jina lenyewe likatwe? Kiswahili kikibakiza Homa peke yake, kinabaki na maradhi; na Ghuba ya Homa si afadhali.

Mpangilio wa maneno nao una madai yake. Kiingereza hutanguliza kivumishi, ndipo S. Nyanza ikawezekana. Kiswahili husema Nyanza Kusini, na herufi zake za mwanzo ni N.K., karibu sawa na n.k. ya "na kadhalika". Hivyo waandishi wengi wametafsiri jina na kuacha kifupisho katika Kiingereza, msomaji akalazimika kujua lugha mbili ili asome anwani moja.

Hitimisho

Yafaa mambo matatu yazingatiwe. Jina la mahali liandikwe kwa ukamilifu linapotajwa mara ya kwanza. Kifupisho cha Kiswahili kitokane na mpangilio wa Kiswahili, kama S.L.P. ilivyotokana na Sanduku la Posta, wala kisigongane na neno au kifupisho kilichokwisha zoeleka. Mwisho, alama za zamani za majalada zisibadilishwe, bali ziambatane na orodha ya kuzifafanua. Kuzifuta ni kupoteza njia ya kuyafikia yaliyoandikwa. Kuziacha bila ufafanuzi ni kuwafungia mlango wale ambao historia hiyo ni yao.