Karakana za nyumbani Mbulu na Hanang: Namna ya kutengeneza feni ya kutoa moshi

Na Mwandishi Wetu

Wahunzi wa Kidatoga wa ukanda wa Ziwa Eyasi na uwanda wa Hanang wamefua vyuma kwa vizazi vingi bila kuhitaji feni ya kutolea moshi. Tanuru lao ni shimo dogo la makaa, hewa hupulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na kazi hufanyika chini ya mti au kibanda kisicho na kuta. Humo huyeyushwa vipande vya shaba nyeupe na alumini vikawa bangili, na misumari ikawa vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali. Moshi huchukuliwa na upepo.

Tatizo lilianza pale ufundi ulipohamia ndani. Katika miji ya Katesh, Mbulu, Dongobesh na Haydom, kama ilivyo katika miji mingine midogo nchini, fundi wa kuchomelea au seremala mara nyingi hutumia chumba kimoja cha nyumba anayoishi, chenye kuta za matofali, paa la bati na dirisha moja. Kwenye nyanda za juu za Mbulu, baridi ya Juni na Julai humfanya afunge hata mlango. Upande wa pili wa ukuta wamelala watoto.

Madhara yake hayana mjadala. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, na mwaka 2017 likaamua kuwa moshi wa kuchomelea nao uwekwe katika kundi hilohilo. Yapo pia madhara ya siku hiyohiyo. Bati na mabomba yenye rangi ya fedha yamepakwa zinki, madini yanayochemka katika nyuzi joto 907 za Selsiasi, joto dogo sana mbele ya cheche za umeme. Moshi mweupe unaotoka hapo, ambao ni jamaa wa ule unaotoka shaba nyeupe inapoyeyushwa, huleta homa saa kadhaa baadaye: baridi kali, kiu, maumivu ya viungo na ladha ya chuma mdomoni. Mgonjwa huweza kudhani ni malaria. Kwa kawaida homa hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili, na fundi hurudi kazini akiamini ametibiwa. Wengi hunywa maziwa kama kinga. Maziwa ni chakula kizuri, na wilaya hizi za wafugaji hazina uhaba wake, lakini hupita tumboni. Moshi hupita mapafuni.

Feni ya kutoa moshi huweza kutengenezwa kwa feni ya mezani iliyovunjika mguu, ilimradi mota yake ni nzima. Mota inayounguruma bila kuzunguka haijafa lazima. Mara nyingi kapasita imechoka au bushi zimekauka mafuta, na vyote hurekebishika kwa gharama ndogo. Faida nyingine ya mota ya aina hii ni kwamba haina kaboni zinazotoa cheche, tofauti na mota nyingi za volti 12 zinazotolewa kwenye rejeta za magari ya zamani. Hata hivyo, mahali panapopulizwa rangi kwa thina au petroli pasitumike feni ya kujitengenezea ya aina yoyote. Swichi pekee yatosha kuwasha mvuke huo.

Kosa la kawaida ni kuifunga feni dirishani ikiwa wazi. Feni ya namna hiyo hukoroga hewa tu, kwa kuwa sehemu ya hewa inayosukumwa nje hurudi ndani kwa kupitia pembeni mwa mapanga. Inahitaji pete ya bati inayoyazunguka mapanga kwa karibu, ikiacha nafasi isiyozidi sentimita moja kila upande. Pete hiyo hufungwa kwenye fremu ya chuma iliyojaza tundu la ukuta pasipo mwanya. Kwa ndani huwekwa wavu wa kuzuia vidole, na kwa nje vibao vyepesi vya bati vinavyoning'inia, ambavyo hufunguliwa na upepo wa feni na kujifunga feni inapozimwa, hivyo kuzuia mvua na ndege. Fremu ya chuma lazima iunganishwe na waya wa ethi. Umeme wa volti 230 kwenye fremu isiyo na ethi, katika chumba ambacho fundi hushika vyuma kutwa nzima, ni hatari kuliko moshi wenyewe.

Kiasi cha hewa hukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina hewa ya mita za ujazo 30. Ili ibadilishwe mara 20 kwa saa, feni itoe mita za ujazo 600, yaani 10 kwa dakika. Feni ya inchi 16 hulimudu hilo ikiwa imekaa ukutani moja kwa moja. Ikiunganishwa na bomba refu lenye kona mbili tatu, huishiwa nguvu, kwa sababu mapanga yake yameumbwa kusogeza hewa nyingi isiyo na kizuizi. Kwa sababu hiyo feni hii haifai kufyonza maranda kwa bomba: maranda huhitaji mwendo wa karibu mita 20 kwa sekunde, kazi ya feni yenye tumbo kama la konokono.

Mahali pa kuiweka ni muhimu kuliko ukubwa wake. Mtu huweza kuzima mshumaa kwa kuupuliza akiwa mbali kidogo, lakini hawezi kuuzima kwa kuvuta pumzi. Ndivyo ilivyo kwa feni: upande wa kuvuta, nguvu hubaki kama moja ya kumi tu katika umbali unaolingana na upana wa mdomo wake. Meza ya kuchomelea basi isogezwe hadi ukutani chini ya feni, na fundi asimame kiasi kwamba moshi uondoke mbele yake bila kupita usoni. Pangaboi juu ya meza halisaidii. Huurudisha moshi kwa anayeukimbia.

Hewa inayotoka lazima ipate ya kuijaza. Ukuta wa pili, kwa chini, utobolewe tundu lisilo dogo kuliko la feni. Sentimita 40 kwa 35 yatosha kwa feni ya inchi 16. Pasipo tundu hilo feni hutafuta hewa popote, na karakana ikipakana na jiko la mkaa, huvuta hewa ya sumu ya jikoni, isiyo na rangi wala harufu, na kuisambaza nyumbani. Tanuru la makaa halipaswi kuwashwa chumbani kwa kutegemea feni, kwani umeme ukikatika sumu hubaki na fundi.

Kabla ya kutoboa ukuta ni vyema kuangalia kwa siku kadhaa upepo huelekea wapi, kisha feni ikawekwa upande unaokoelekea, mbali na dirisha la jirani. Kazi ikikamilika, kijiti cha udi kinachofuka kishikwe juu ya meza, kisha kwenye kila kona. Moshi ukizubaa mahali, hapo hewa haifiki. Mapanga yasafishwe kila wiki, umeme ukiwa umezimwa, kwa kuwa vumbi lililoganda upande mmoja huyumbisha mota na kula bushi.