Kukatika Pumzi Usingizini: Je, Upasuaji Hushusha Shinikizo la Damu?

Mtu anayekoroma kwa sauti kubwa, akanyamaza ghafla kana kwamba ameacha kupumua, kisha akashtuka akitweta, huenda ana maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Wengi huyaona kuwa kero ya wanaolala naye tu, ilhali madaktari huyahesabu miongoni mwa visababishi vya shinikizo la juu la damu. Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: mgonjwa akipasuliwa ili njia ya hewa ipanuke, je, shinikizo lake litashuka?

Maradhi yanavyopandisha shinikizo

Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, ulimi na kaakaa laini huiziba njia ya hewa kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hupungua katika damu, mwili humwaga homoni za hatari, moyo huenda mbio na mishipa ya damu hubana. Hali hiyo ikitokea mara 30 au zaidi kwa saa, maradhi huhesabiwa kuwa makali.

Kwa kawaida shinikizo hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa wagonjwa hawa mara nyingi halishuki, na hatimaye hubaki juu hata mchana. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia watu 709 kwa miaka 4. Waliokatika pumzi mara 15 au zaidi kwa saa walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kupata shinikizo la juu, wakilinganishwa na wasio na tatizo hilo.

Aina za upasuaji

Mwaka 1981 Shiro Fujita na wenzake mjini Detroit walieleza upasuaji wa kuondoa kimio, sehemu ya kaakaa laini na mafindofindo. Mwaka huohuo Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alieleza mashine ya kusukuma hewa puani, ambayo hadi leo ndiyo tiba ya kwanza kwa wagonjwa wengi. Baadaye ulikuja upasuaji wa kusogeza taya mbele, na tangu mwaka 2014 Marekani imeidhinisha kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuuamsha mshipa wa fahamu wa ulimi.

Upasuaji huu si sawa na kukata kimio kunakofanywa na baadhi ya waganga wa jadi katika Afrika Mashariki. Desturi hiyo haitibu maradhi haya, na huweza kuleta kutokwa damu kwingi na maambukizi.

Matokeo

Nchini Uswidi, utafiti wa wagonjwa 65 uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa upasuaji wa koo ulipunguza kukatika pumzi kwa takriban asilimia 60 baada ya miezi 6. Kuhusu shinikizo, matarajio yawe ya kiasi. Hata mashine, ilipojaribiwa nchini Uhispania kwa wagonjwa 194 ambao dawa 3 au zaidi hazikuwatosha, ilishusha wastani wa shinikizo kwa milimita 3.1 za zebaki tu zaidi ya waliotumia dawa pekee. Baada ya upasuaji nako, anayetarajiwa kufaidika zaidi ni yule ambaye pumzi zake zimeacha kweli kukatika. Aliyepasuliwa lakini tatizo likabaki, au akaongezeka uzito likarudi, asitegemee nafuu hiyo.

Kwa watoto, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulihusisha watoto 459 wenye matatizo madogo ya kupumua usingizini. Mwaka mmoja baadaye, walioondolewa mafindofindo na nyama za puani walikuwa na shinikizo la chini kuliko wale walioendelea kuangaliwa tu.

La kuzingatia

Upasuaji si mbadala wa dawa za shinikizo. Hatari iliyopo ni mgonjwa kuacha vidonge kwa kuwa tu hakoromi tena: kukoroma kunaweza kuisha, pumzi zikaendelea kukatika kimyakimya. Ndiyo maana usingizi hupimwa upya miezi kadhaa baada ya upasuaji, na dawa hupunguzwa na daktari pekee, baada ya vipimo vya shinikizo kuthibitisha nafuu. Kupunguza uzito na kuepuka pombe kabla ya kulala hubaki kuwa sehemu ya tiba, awe mtu amepasuliwa au la.