"Sailensi" katika Karakana za Songea

Katika karakana za Songea, injini ikinguruma bila dereva kukanyaga mafuta husemwa kuwa iko kwenye "sailensi". Mngurumo huo ukipanda na kushuka, au gari likizima kila liachiwapo mafuta, husemwa kuwa sailensi ni mbovu. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya neno hili na haja ya kulifafanua.

Msamiati wa magari haukuanzia ofisini. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilishughulika zaidi na vitabu vya shule. Madereva na mafundi walijitafutia maneno wenyewe: "usukani" walilitwaa kwa mabaharia, "gari" lilitoka Kihindi, na "breki", "klachi" na "kabureta" yalitoka Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Rajmund Ohly alitoa kamusi yake ya msingi ya ufundi mwaka 1987. Wakati huo karakana zilikwisha kuwa na lugha yake. "Sailensi" nalo lina sura ya neno la Kiingereza lenye maana ya ukimya. Huenda hali hiyo ilipewa jina kwa jinsi sikio lilivyoisikia.

Lakini kinachosikika si chanzo cha ubovu. Gari langu kuukuu lilizima mteremkoni, na breki ikawa nzito. Fundi wa kwanza, aliposikia "sailensi mbovu", alikaza skrubu ya sailensi tu. Kesho yake ubovu ukarudi. Fundi mzee niliyemwendea baadaye hakuigusa skrubu. Aliuliza: "Linapanda na kushuka, linatetemeka, au linazima tu?" Kisha alipaka maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mpira wa busta ya breki, mngurumo ulibadilika. Mpira ulikuwa na ufa. Hewa ya ziada iliingia humo na kuharibu mchanganyiko wa hewa na petroli, na busta nayo ikakosa nguvu. Aliubadilisha, akakagua plagi, akasafisha kitundu chembamba cha kabureta, na mwisho, injini ikiwa moto, ndipo akarekebisha skrubu.

Maswali ya mzee huyo yana mafunzo kwetu. Kupanda na kushuka huelekeza kwanza kwenye hewa inayovuja. Kutetemeka, kwenye plagi. Kuzima, kwenye kitundu kilichoziba. Mafundi wamekwisha kuzitenganisha hali hizi, ila vitabu vya wanafunzi havina budi kuzitenganisha pia.

Kwa hiyo napendekeza tusibuni neno jipya. "Sailensi" likubaliwe kwa maana ya mwendo wa injini izungukayo bila kukanyagwa mafuta wala kuvuta gari, na kila aina ya ubovu wake iandikwe kwa jina lake. Mwanafunzi akiambiwa "sailensi mbovu" peke yake, atashika bisibisi. Na huenda breki ndiyo iliyo hatarini.