Upinde wa Mvua ni wa Nani?

Mara nyingi tumeulizwa kwa nini bendera ya ushirika ilipewa rangi saba za upinde wa mvua, na ni nani mwenye haki nazo. Yafaa katika kumbukumbu hii ya miaka kumi tueleze asili yake.

Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika, lililoundwa London mwaka 1895, lilitafuta alama ya kuadhimishia Siku ya Ushirika. Profesa Charles Gide wa Ufaransa akashauri rangi za upinde, yaani umoja wa walio mbalimbali, na nuru ya maendeleo. Bendera ya kwanza ilikamilika mwaka 1924, ikakubaliwa rasmi mwaka 1925.

Lakini hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliomfuata Thomas Müntzer walipigana huko Frankenhausen chini ya upinde huo, ishara ya agano la Mungu na Nuhu; wakashindwa. Wala hatukuwa wa mwisho. Mwaka 1961 wapenda amani wa Italia waliuchukua. Na mwaka 1978 Gilbert Baker akautumia huko San Francisco kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Mwaka 2001 Shirikisho likatia nembo yake katika bendera, ili ushirika utambulikane.

Basi upinde hauna hatimiliki. Kilicho chetu ni maana tuliyoipa bendera, nayo haitupotei kwa kuwa wengine wana yao. Hutupotea mkulima apunjwapo kwenye mizani. Na tuitunze kwa hesabu safi na malipo ya haki.