Barakoa za Wajapani na mafua yaliyopita Songea

Mwaka 2020 mafundi cherehani wa Songea, kama wenzao kote nchini, waliweka kando magauni wakashona barakoa za vitenge. Leo ni nadra kuiona moja sokoni. Japani mambo ni tofauti. Serikali yao ililegeza maelekezo Machi 13, 2023, lakini hadi sasa utawakuta wengi wamefunika pua na mdomo ndani ya treni. Hapa kwetu husemwa kwamba Wajapani ni waoga wa maradhi. Historia haisemi hivyo, na sehemu yake moja ilipita Songea.

Septemba 28, 1918, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alivuka Mto Ruvuma akitokea Msumbiji. Msafara wake wa askari, wapagazi, wanawake na watoto ulielekea Songea. Mapema Oktoba walipigana na Waingereza karibu na mji, na siku hizo hizo homa na maradhi ya mapafu yakaanza kuwaangusha njiani. Jenerali mwenzake, Kurt Wahle, alikuwa mgonjwa asiyeweza tena safari, akaachwa Ubena, Njombe, mikononi mwa Waingereza. Yalikuwa majira ya mafua makuu, ambayo hukadiriwa kuua watu wapatao milioni 50 duniani.

Mafua hayo yaliwakuta Wangoni, wenyeji wa Songea, wamechoka. Miaka 12 tu nyuma, Februari 27, 1906, katika vita ya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wao papa hapa mjini. Mashamba na maghala yakachomwa, na njaa ikamaliza watu. Kisha ikaja vita ya wakubwa wa Ulaya, ikachukua vijana kuwa wapagazi na chakula kuwa posho ya majeshi.

Oktoba hiyo hiyo, jiji la San Francisco, Marekani, liliamuru watu wavae barakoa. Mapema mwaka 1919 wakazi walikuwa wameshaunda chama cha kuzipinga, na amri ilipoondoka, barakoa nazo zikaondoka. Japani, ambako mafua hayo yaliua zaidi ya watu 380,000, Wizara ya Mambo ya Ndani ilibandika mabango ya kuwahimiza watu kufunika pua na mdomo. Huko desturi ikabaki.

Barakoa yenyewe ilikuwa imeshapata sifa jirani tu na Japani, huko Manchuria. Tauni ya mapafu ilipozuka huko mwaka 1910, daktari kijana mzaliwa wa Penang, Wu Lien-teh, alisema inaenea kwa hewa ya mgonjwa, akaagiza watu wavae shashi na pamba. Daktari Mfaransa aliyemzidi umri, Gérald Mesny, alimdharau, akaingia wodini uso wazi. Alifariki siku chache baadaye, Januari 1911. Baada ya hapo wengi walivaa bila kubishana.

Lakini mafua peke yake hayatoshi kueleza karne nzima. Baada ya vita ya pili ya dunia, milima ya Japani ilikuwa imekatwa miti, na serikali ikapanda mierezi kwa wingi mno. Msomaji aliyeliona shamba la miti la Wino, kule Madaba, ataelewa picha hiyo. Mierezi ilipokomaa, ilimwaga chavua kila Februari hadi Aprili, na mamilioni ya watu wakapata mzio wa kupiga chafya na macho kuwasha. Barakoa ikawa kinga ya msimu. Nayo adabu ikajijenga juu yake: mwenye kikohozi hufunika mdomo ili asimwambukize jirani yake.

Hapo ndipo tulipoachana nao. Mgonjwa wetu wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 16, 2020, na barakoa ikatufikia kama agizo la dharura, tena agizo lenye mabishano. Hatukupewa nafasi ya kuizoea kama heshima kwa mwenzako, na nadhani hiyo ni hasara kubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu kifua kikuu bado kiko nasi na huenea kwa hewa ileile.

Basi ndugu msomaji, ukiwa na kikohozi, vaa barakoa kwenye daladala, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya zahanati. Kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Katika vituo vya serikali, vipimo na dawa zake ni bure.