Trakta ya kuazima: namna ya kufunga mipira ya hidroliki bila kuumia wala kuharibu

Wakati wa kulima ao wa kusomba mavuno, trakta moja inaweza kutumikia mashamba mengi: ya koperative, ya jirani, ya kukodisha. Shofere anapanda mashini asiyoizoea, na nyuma kuna remoroki ya kumwaga ao jembe la kupindua. Kazi ya kwanza ni kufunga mipira ya hidroliki, ile makanika wengi wanaita fleksibo. Ni kazi ya dakika chache. Lakini ndani ya mipira hiyo, kwa trakta nyingi, mafuta yanapita na presha ya bar 150 hadi 200. Tairi ya gari ndogo iko na bar 2 na kidogo tu.

Presha itoke kwanza

Mbele ya kugusa mpira wowote, shusha chombo mpaka kikae chini. Vuta breki ya mkono, zima motere, toa ufunguo. Kisha sukuma na kuvuta kila levye ya hidroliki mara kadhaa, ili presha iliyobaki itoke. Kwa trakta mpya zenye levye za umeme, njia inaweza kuwa tofauti. Mwenye trakta aulizwe.

Mpira ukikataa kuingia, mara nyingi ni juu ya presha iliyofungiwa ndani. Mpira uliolala juani, mafuta yake yanapanuka. Usipige nyundo, kichwa kitaharibika. Weka kivulini, ngoja upoe. Ukikataa tena, mwachie makanika.

Mipira miwili, levye moja

Chombo chenye nguvu ya pande mbili kiko na mipira miwili: mmoja unapeleka mafuta, mwingine unayarudisha. Yote miwili lazima iende kwa levye moja. Ukiweka kila mmoja kwa levye yake, mafuta hayapati njia ya kurudi na chombo hakitembei. Ukibadilisha nafasi zake, kupanda kunakuwa kushuka. Haiharibu kitu, lakini mtu aliyesimama karibu anaweza kupondwa. Kwa hiyo jaribio la kwanza lifanywe polepole, bila mtu nyuma. Kisha funga uzi wa rangi moja kwa kila jozi.

Remoroki nyingi za kumwaga ziko na mpira mmoja tu: mafuta yanainua, uzito wake unashusha. Usisimame chini ya sanduku lililoinuliwa kama halijategemezwa kwa chuma chake.

Chombo chenye motere ya hidroliki kinaomba njia ya kurudisha mafuta isiyo na presha. Bila hiyo, sili zake zinapasuka.

Uchafu na kipimo cha mafuta

Kwa trakta nyingi, mafuta ya hidroliki ndiyo yale yale ya giaboksi. Mchanga ulioingia kwa kichwa cha mpira unafika mpaka pompi na vali, na deni linabaki kwa aliyeazima. Pangusa vichwa vyote viwili kwa kitambaa safi mbele ya kuviunganisha.

Nyuma ya kuinua na kushusha mara mbili tatu, zima motere, angalia kipimo. Remoroki kubwa inaweza kuvuta litre nyingi. Usiongeze mafuta bila kumuuliza mwenyewe ni aina gani.

Usitafute tundu kwa mkono

Tundu dogo kama la sindano linaweza kuingiza mafuta chini ya ngozi, hata kupitia glovu. Pitisha kipande cha kartoni karibu na mpira. Kikilowa, tundu liko hapo. Kidonda kinaonekana kidogo, na mara ya kwanza hakiumi sana. Lakini saa chache zinatosha mtu kupoteza kidole ao mkono. Aende hospitali mara moja, na amwambie muganga waziwazi kwamba ni mafuta ya hidroliki yenye presha. Kinachohitajika mara nyingi ni upasuaji, si bandeji.

Saa ya kurudisha

Shusha chombo, zima, toa presha, ndipo ufungue mipira. Rudisha vifuniko vyake na uitundike, isiburuzike chini. Mwambie mwenyewe mafuta yaliyopungua. Atakayeazima kesho atakuta mipira inaingia bila nyundo.